Shajara ya mradi: ThinkPad X220 ya steshenari, kutoka Windows 10 hadi Debian 13

Mradi huu unahusu kompyuta mpakato moja, Lenovo ThinkPad X220 ya mwaka 2011, ambayo mdogo wangu huitumia katika duka lake la steshenari mjini Morogoro kuchapa barua, kutengeneza kadi za mialiko, kuandaa mitihani ya shule za jirani na kuwasaidia wateja kujaza fomu za mtandaoni. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hii haikidhi masharti ya Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha chache zilizoruhusiwa. X220 ina prosesa ya kizazi cha 2 na TPM 1.2. Ulikuwepo mpango wa kurefusha sasisho za usalama kwa mwaka mmoja, lakini kuongeza mwaka mmoja kwa mfumo ambao tayari unailemea mashine ni kuahirisha kazi ileile. Tumeamua kuihamishia kwenye mfumo endeshi huria ulio mwepesi, Debian 13, ambao ni wa jamii ya Linux, na shajara hii inaandika kila hatua kwa kiwango ambacho mtu mwingine mwenye mashine ya umri huo ataweza kuifuata.

Septemba 2025, mwanzoni: mashine kama ilivyo

Nimeanza kwa kuandika sifa zake, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanazitegemea. Prosesa ni Intel Core i5-2520M yenye viini 2 na kasi ya msingi ya GHz 2.5. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ni GB 4 katika kipande kimoja, na nafasi ya pili iko wazi. Diski ni ya kuzunguka, ya GB 320, na skrini ni ya inchi 12.5 yenye pikseli 1366 kwa 768. Kibodi yake bado ni bora kuliko za mashine nyingi mpya nilizowahi kuzigusa, na kwa mtu anayechapa kutwa hiyo si sifa ndogo.

Lalamiko la mwenye mashine lilikuwa moja: ikiwashwa asubuhi huchukua muda mrefu kabla ya kukubali kufungua faili, na mteja anayetaka ukurasa mmoja tu ilhali anawahi basi hawezi kusubiri, huenda duka la pili. Nilipotazama matumizi ya rasilimali ndani ya Windows niliona kwamba prosesa imetulia, huku diski ikifanya kazi kwa asilimia 100 na zaidi ya nusu ya RAM ikiwa imekwisha kabla hata ya programu moja kufunguliwa. Hilo ndilo jambo la kwanza lililostahili kuandikwa hapa, kwa kuwa watu wengi huhukumu kompyuta ya zamani kwa mwaka wa prosesa yake. Katika mashine hii prosesa ilikuwa ikisubiri diski.

Nikaiwasha kwa flashi yenye Linux ya majaribio, inayoendeshwa bila kusakinishwa, na kuipima diski kwa programu ya smartctl. Namba mbili ndizo nilizozitafuta: sekta, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, zilizokwisha kuhamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zote zilikuwa sifuri, kwa hiyo diski ni nzima ila ni ya polepole. Nimeamua kuibakiza kwa awamu ya kwanza makusudi, ili ijulikane mabadiliko yanayoletwa na mfumo peke yake ni yapi, na yanayoletwa na diski mpya ni yapi.

Kasoro nyingine ilionekana kabla hata mfumo haujaanza kupakiwa. Kila mashine ilipokaa bila umeme na betri ikiwa imetolewa, ilionyesha kosa namba 0271, maana yake tarehe na saa zimepotea. Chanzo chake ni betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu, ambayo kwa kawaida hufa kimyakimya baada ya miaka mingi. Wengi huipuuza kwa kudhani kwamba saa tu ndiyo inayoharibika. Ukweli ni kwamba saa ikirudi nyuma miaka kadhaa, kivinjari hukataa kufungua tovuti salama kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na apt, programu inayosimamia usakinishaji katika Debian, hukataa orodha za programu kwa sababu hiyohiyo. Anayesakinisha mfumo mpya kwenye mashine yenye kasoro hii anaweza kuulaumu mtandao siku nzima. Betri imebadilishwa kabla ya jambo lingine lolote.

Septemba, katikati: kuhamisha kazi za zamani

Mafaili yote ya duka yamenakiliwa kwenye diski ya nje, kisha nikafungua baadhi yake kwenye kompyuta nyingine, kwa maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zimetolewa pia na kuwekwa mahali salama. Kwa atakayetaka kunakili mafaili akiwa ndani ya Linux ya majaribio, akumbuke kwamba Windows 10, inapozimwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi haijizimi kabisa: sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili iwake haraka, na diski hubaki katika hali ambayo Linux itakubali kuisoma bila kuandika. Kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuzima huondoa tatizo hilo.

Hati za Word na Excel hazikunitia wasiwasi. Kilichonishughulisha ni kadi. Kadi za harusi, za michango na za ubarikio zilikuwa zimetengenezwa kwa Microsoft Publisher, na faili la Publisher ni kati ya mafaili magumu kuhama. LibreOffice Draw hulifungua, lakini maandishi husogea, mistari ya mapambo huvunjika, na jina la bwana harusi linaweza kujikuta nje ya fremu yake. Suluhisho la muda lilikuwa kufungua kila kadi ndani ya Publisher tukiwa bado na Windows na kuihifadhi kama PDF, ili ibaki kielelezo cha kuijenga upya. Kazi hii imechosha kuliko usakinishaji wenyewe. Hata hivyo ingelazimika kufanywa siku moja, kwa sababu Microsoft imekwisha kutangaza kuiondoa Publisher mwezi Oktoba 2026.

Nilipomweleza mdogo wangu tofauti za mifumo nilizokuwa nikizilinganisha, alinikatiza: "Kaka, mteja haulizi kompyuta inatumia nini. Anaangalia karatasi yake imetoka sawa au haikutoka." Nimeichukua kauli hiyo kuwa kigezo cha mradi, na vipimo vyote vya baadaye vimepimwa kwa karatasi inayotoka.

Septemba, mwishoni: uchaguzi wa mfumo

Mifumo inayosifiwa kwa wepesi ni mingi, na sifa hiyo mara nyingi hutolewa bila kueleza wepesi wenyewe umekaa wapi. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ni ileile kwa wote, tofauti ikiwa ni toleo tu. Kinachobadilika ni eneokazi (madirisha, menyu na upau anavyoviona mtumiaji), huduma zinazoanza zenyewe mashine inapowaka, na namna programu zinavyosambazwa. Ukiziangalia sehemu hizo tatu, orodha ndefu hupungua haraka.

Lubuntu inatumia eneokazi la LXQt, ambalo ni jepesi kweli, lakini kama ilivyo kwa jamaa zake wa Ubuntu, Firefox yake husambazwa kwa mtindo wa snap, yaani kifurushi kinachobeba ndani yake sehemu nyingi inazozitegemea, na kwenye diski ya kuzunguka programu ya mtindo huo huchelewa kufunguka mara ya kwanza. Linux Mint yenye Xfce ni nzuri kwa mtu anayetoka Windows, na kama mashine ingekuwa na RAM ya GB 8 tangu mwanzo huenda ningeishia hapo. antiX ni nyepesi kuliko zote nilizozifikiria, ila sura yake na mpangilio wa menyu zake vingemdai mdogo wangu ajifunze mambo mapya mengi kwa wakati mmoja, na duka haliwezi kufungwa kwa ajili ya mafunzo. Puppy Linux, inayoweza kuishi yote ndani ya RAM, naiheshimu sana kwa kuokoa mafaili ya mashine zilizoharibika, lakini kwa kazi ya kila siku ya duka sikuiona kuwa chaguo.

Nimechagua Debian 13 yenye eneokazi la Xfce. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na toleo hili la 13, linaloitwa Trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na kerneli 6.12 na Xfce 4.20. Sababu yangu kubwa ni utulivu: toleo hupata miaka 3 ya matunzo ya kawaida na 2 ya ziada, na katika muda huo programu hazibadiliki sura ghafla. Mtu anayeishi kwa kuchapa hahitaji kuamka asubuhi na kukuta menyu zimehama.

Tahadhari kwa wenye mashine za zamani zaidi: Debian 13 haisakinishwi tena kwenye prosesa za biti 32. Zile kompyuta ndogo zenye Intel Atom N270, zilizokuwa zikiuzwa sana miaka ya 2008 na 2009, hazitaipokea. Wenye nazo wabaki kwenye Debian 12 au watafute mfumo mwingine unaozikubali bado.

Oktoba, mwanzoni: usakinishaji

Debian hutoa faili dogo la usakinishaji, lisilofika GB 1, ambalo hupakua sehemu kubwa ya mfumo wakati wa kusakinisha, na faili kubwa la DVD linalokaribia GB 4 ambalo lina eneokazi zima ndani yake. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya la dogo ni bora. Kwa anayetegemea bando la simu napendekeza lile kubwa, lipakuliwe mara moja usiku bando linapokuwa nafuu, na litumike kwa mashine zote zitakazofuata. Nimefanya hivyo.

Kabla ya kuliandika kwenye flashi nililinganisha alama yake ya SHA256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima, na ile iliyotolewa na Debian. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa kwa amri `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, na kwenye Linux kwa `sha256sum`. Hatua hii huchukua dakika chache tu, na umuhimu wake ni mkubwa hasa kwetu tunaopakua kwa mitandao inayokatika, kwa sababu faili lililopungua kidogo huweza kuanza vizuri kabisa na kukwama usakinishaji ukiwa nusu.

X220 huonyesha orodha ya vifaa vya kuwashia ukibonyeza F12. BIOS yake, programu inayoiwasha mashine kabla ya mfumo, inakubali njia ya zamani ya kuwasha na ile mpya ya UEFI. Nimetumia ya zamani kwa kuwa diski nzima ilikuwa inafutwa na hapakuwa na mfumo wa pili wa kuishi nao. Katika orodha ya maeneokazi niliondoa alama kwenye GNOME na kuiweka kwenye Xfce. Nenosiri la mtumiaji mkuu niliacha wazi, jambo ambalo hukifanya kisakinishi kimpe mtumiaji wa kawaida haki ya kutumia `sudo`, yaani kutoa amri za msimamizi, na kwa mashine ya mtu mmoja mpangilio huo unatosha. Mfumo wa mafaili ni ext4, ambao huweka kumbukumbu ya kinachoandikwa, na hivyo umeme ukikatika ghafla hujirekebisha unapowaka tena.

Kadi ya Wi-Fi, Intel Centrino Advanced-N 6205, ilitambuliwa bila hila yoyote. Waliowahi kusakinisha Debian zamani watakumbuka usumbufu wa kutafuta faili la kuendeshea kifaa kwenye flashi ya pili. Usumbufu huo ulikwisha na Debian 12 ya mwaka 2023, baada ya wanachama wa mradi kupiga kura mwaka 2022 na kukubali kwamba mafaili ya aina hiyo, hata yasiyo huria, yawemo kwenye kisakinishi. Kwa mashine ambayo Wi-Fi yake itakataa, simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kugawa intaneti huonekana kwenye Linux kama kadi ya mtandao ya kawaida, na hutosha kuvusha kazi.

Baada ya kuwaka mara ya kwanza, apt iliomba DVD iingizwe. Mstari unaotaja cdrom kwenye orodha ya vyanzo hufutwa, na mahali pake huwekwa anwani ya deb.debian.org kwa mfumo wenyewe na ya security.debian.org kwa sasisho za usalama. Saa za eneo nimeziweka Africa/Dar_es_Salaam, na kwa tarehe nimechagua sw_TZ, ili saa ya kwenye upau iandike Jumatatu na Jumanne kama ilivyo kwenye kalenda ya ukutani.

Oktoba, katikati: RAM imekwenda wapi

Eneokazi likiwa wazi bila programu yoyote, RAM iliyotumika ilikuwa takribani MB 700, ambapo Windows ilikuwa ikichukua zaidi ya GB 2. Diski imenyamaza. LibreOffice Writer hufunguka bila kuipandisha mtu hasira, ingawa mara ya kwanza baada ya kuwasha bado unasikia diski ikihangaika. Huu ndio mchango wa mfumo peke yake: haujaiongezea mashine nguvu yoyote, umeacha tu kuila ile iliyopo.

Marekebisho matatu yamefuata. La kwanza ni zram, ambayo hutenga sehemu ya RAM na kuhifadhi humo kurasa za kumbukumbu zikiwa zimebanwa, ili mashine ikizidiwa isikimbilie diski mara moja. Nimesakinisha zram-tools, nikachagua mbano wa zstd na kuiruhusu kufika asilimia 50 ya RAM. Prosesa hulipa gharama ya kubana na kufungua, na kwa kuwa hapa prosesa ndiyo iliyokuwa imekaa bure, gharama hiyo haionekani. La pili ni earlyoom, programu ndogo inayosimamisha mchakato mmoja mkubwa pale RAM inapokaribia kwisha, badala ya kuacha mashine nzima igande mbele ya mteja.

La tatu linahusu Debian 13 yenyewe na halijulikani sana. Katika toleo hili folda ya /tmp, ambayo programu huweka mafaili yake ya muda, imewekwa ndani ya RAM na inaweza kukua hadi nusu yake. Kwenye mashine yenye RAM tele ni uamuzi mzuri, lakini kwenye steshenari yenye GB 4, kurasa nyingi zinazoskaniwa kwa mkupuo au PDF kubwa inayoandaliwa kuchapishwa huweza kuila RAM bila mtu kujua imeliwa na nini. Amri `systemctl mask tmp.mount`, ikifuatiwa na kuwasha upya, huirudisha folda hiyo kwenye diski. Ijulikane pia kwamba toleo hili hufuta lenyewe mafaili yaliyokaa /tmp zaidi ya siku 10, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuhifadhi kazi ya mteja humo.

Madoido ya vivuli na uwazi ya Xfce nimeyazima. Faida yake ni ndogo, lakini hakuna aliyeyakosa.

Kivinjari

Hapa ndipo uzito halisi ulipo, na ndipo sifa za mfumo mwepesi zinapofika mwisho. Ukurasa mmoja wa barua pepe pamoja na ukurasa mmoja wa fomu za maombi ya kazi vilichukua RAM kuliko Debian na Xfce kwa pamoja. Firefox hutenganisha tovuti katika michakato tofauti kwa ajili ya usalama, na kila mchakato una mahitaji yake. Mtu anayeambiwa kwamba mfumo mwepesi utaifanya kompyuta ya GB 2 ivinjari intaneti ya leo kama mpya anadanganywa, hata kama anayemwambia ana nia njema.

Nimefanya yaliyowezekana. uBlock Origin imesakinishwa, na kwa kuzuia matangazo imepunguza kinachopakuliwa, jambo linaloonekana kwenye RAM na kwenye bando vilevile. Ukurasa wa `about:processes` umewekwa kwenye alamisho ili mdogo wangu aweze kuona ni tovuti ipi inayokula, na kuifunga hiyo tu. Kwa video, chipu ya picha ya mashine hii, Intel HD Graphics 3000, inaweza kufungua yenyewe video zilizobanwa kwa mtindo wa H.264 lakini haijui mitindo ya VP9 wala AV1, ambayo YouTube huipendelea. Kiongezi kinachoilazimisha YouTube kutoa H.264 kimeipunguzia prosesa mzigo, na kwa skrini ya pikseli 1366 hakuna sababu ya kuomba video inayozidi 720p.

Oktoba, baada ya siku za majaribio: printa, skana na hati za wateja

Printa ya duka ni HP LaserJet P1102. Ni aina inayohitaji kiongezi kisicho huria juu ya HPLIP, programu inayoendesha printa za HP kwenye Linux, na toleo la kiongezi hicho lazima lilingane na toleo la HPLIP lililosakinishwa. Amri `hp-plugin` hulipakua na kulisakinisha, kwa hiyo intaneti inahitajika mara hiyo moja. Printa za aina hii zina tabia nyingine pia: zikichomekwa huweza kujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, sawa na zilivyokuwa zikifanya modemu za USB, na usb_modeswitch ndiyo huziamuru ziache na ziwe printa. Baada ya hapo uchapishaji umekwenda vizuri. Skana, Canon LiDE 110, haikudai chochote. SANE, mfumo wa skana wa Linux, uliitambua na programu ya Simple Scan ikaanza kuskani papo hapo.

Hati za wateja zimehitaji uangalifu zaidi. Barua na CV nyingi huja zimeandikwa kwa Calibri au Cambria, fonti ambazo Debian haina haki ya kuzisambaza. Zikikosekana, LibreOffice huweka fonti nyingine yenye upana tofauti, na CV ya kurasa mbili hugeuka ya kurasa tatu, huku ya tatu ikiwa na jina moja la mdhamini. Dawa yake ni fonti za Carlito na Caladea, zilizochorwa ziwe na vipimo sawa na Calibri na Cambria, herufi kwa herufi, ili mistari ikatike mahali palepale. Zipo katika vifurushi vya fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Kwa Times New Roman na Arial, fonti za Liberation hufanya kazi hiyo na kwa kawaida huja pamoja na LibreOffice. Tulichapa hati kadhaa za zamani na kuzilinganisha na nakala zilizokuwa kwenye majalada. Mtihani mmoja wa hisabati ndio uliohitaji kurekebishwa kwa mkono, kwa sababu milinganyo yake ilisogea.

Ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili umewezekana kwa kifurushi cha hunspell-sw. Kinasaidia kwa nomino, lakini vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi hukishinda, na neno kama "watakaposomeshwa" hupigiwa mstari mwekundu bila kosa lolote. Kazi ya kukifanya Kiswahili kikae vizuri ndani ya programu huria si mpya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Ukiutazama mstari mwekundu chini ya kitenzi sahihi, unaona bado ipo kazi ya kuwatosha wanaisimu na watengenezaji wa programu.

Faida ambayo sikuitarajia kuwa kubwa kiasi hiki imetokea kwenye flashi za wateja. Flashi inayozunguka maduka mengi mara nyingi huwa na virusi vinavyoficha mafaili halisi na kuacha njia za mkato mahali pake. Kwenye Debian programu hizo za Windows hazijiendeshi, na mafaili yaliyofichwa huonekana kama kawaida. Wateja waliodhani hati zao zimepotea wamezikuta. Hata hivyo tumekubaliana kutozinakili zile programu ngeni kwenye flashi ya mteja mwingine, maana mashine isiyougua inaweza bado kueneza.

Novemba 2025: diski na RAM

Awamu ya pili imefanyika baada ya mfumo kutulia. Nimenunua SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ya GB 240 na kipande cha pili cha RAM cha GB 4. Katika X220 diski hutoka ubavuni baada ya kufungua skrubu moja, na nafasi yake inapokea diski yenye unene wa milimita 7. Nene zaidi haziingii. RAM lazima iwe DDR3 ya kompyuta mpakato. Mafundi wengine huuza DDR4 kwa kudhani zinafanana, lakini tundu lake ni tofauti na haitakaa.

Kwa kuwa SSD ni ndogo kuliko diski ya zamani, sikuinakili diski nzima. Nilihifadhi orodha ya programu kwa `apt-mark showmanual`, nikasakinisha Debian upya, nikaipa apt orodha hiyo, kisha nikarudisha folda ya mtumiaji. Nimehakikisha pia kwamba fstrim.timer imewashwa, ili SSD iarifiwe kila wiki ni sehemu zipi hazitumiki tena.

Tofauti ni kubwa kuliko ile ya mfumo. Mashine inawaka na kufika kwenye eneokazi kabla mteja hajamaliza kueleza anachotaka, na Writer hufunguka mara tu inapobonyezwa. Vipande viwili vya RAM vinavyofanya kazi kwa pamoja vimeisaidia hata chipu ya picha, kwa sababu yenyewe haina kumbukumbu yake na huazima kutoka RAM. Kwa mwenye fedha kidogo anayeuliza aanze na lipi, jibu langu kwa ushahidi wa mashine hii ni SSD kwanza, RAM pili. Mfumo mwepesi usakinishwe kwa vyovyote vile, maana hauna bei.

Hali ilivyo sasa

Duka linafanya kazi zake zote kwenye Debian isipokuwa kadi, ambazo zinajengwa upya moja moja katika Draw kila mteja anapoagiza mtindo wa zamani. Mitindo inayoagizwa mara kwa mara imekwisha kuhama. Iliyobaki itasubiri wateja wake. Betri kuu imechakaa, lakini bado inaibeba mashine muda wa kutosha kuhifadhi kazi umeme unapokatika, kwa hiyo nimesakinisha TLP, programu ya kusimamia matumizi ya umeme, na kuiweka ianze kuchaji ikishuka chini ya asilimia 75 na iache ikifika 80, kwa kuwa mashine hukaa kwenye chaja kutwa. Sasisho hufanywa Jumapili jioni, duka likiwa limefungwa na simu ikiwa na bando.

Kazi inayofuata ni kuiunganisha printa na kompyuta ya pili ya dukani kupitia CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, ili X220 ipokee kazi za mashine zote mbili bila waya wa printa kuhamishwahamishwa. Waya wa mtandao umekwisha kuvutwa. Kilichobaki ni kuipa X220 anwani isiyobadilika kwenye ruta na kuruhusu printa ishirikiwe.